Kikosi cha 54 cha Massachusetts: askari waliokaa jeshini miezi 18 bila kupokea mshahara

Watu wengi wakisikia Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kwenye ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani (1861 mpaka 1865), wanajua usiku mmoja tu, ule wa kuvamia ngome ya Fort Wagner. Ni usiku mzito kweli, ila sisi tunaoshinda na nyaraka za majeshi huwa tunawaambia watu wasiishie hapo, waulize na habari za mshahara, maana hapo ndo utajua hawa askari walikuwa watu wa namna gani.

Tuanzie mwanzo kidogo. Rais Lincoln alitoa tangazo la kuwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi tarehe 1 Januari 1863, na tangazo hilohilo likafungua mlango watu weusi kuingia jeshini. Gavana wa Massachusetts, John Andrew, hakulaza damu, akaanza kuandikisha kikosi cha askari wa miguu pale Readville karibu na Boston, maofisa wakiwa wazungu na kanali wao kijana wa miaka 25, Robert Gould Shaw. Waliojiandikisha walitoka majimbo mengi, wakulima, mabaharia, vinyozi, vibarua, na wawili kati yao walikuwa watoto wa Frederick Douglass, yule aliyetoroka utumwani akaja kuwa msemaji mkubwa wa watu weusi. Na walijua kabisa wanachoingia, kwa sababu upande wa Kusini, yaani yale majimbo yaliyoasi, ulishatangaza kwamba askari mweusi akikamatwa hatahesabiwa kama mateka wa kawaida, maana yake anaweza kuuawa au kurudishwa utumwani.

Waliondoka Boston tarehe 28 Mei 1863, na haikufika hata miezi miwili wakawa mbele ya Fort Wagner, ngome ya mchanga iliyolinda njia ya kuingia bandari ya Charleston, kule South Carolina. Tarehe 18 Julai giza linaingia, watu kama 600 hivi wakaamriwa kutangulia kwenye ufukwe mwembamba, bahari upande huu na tope upande ule, na hapo wametoka kutembea usiku bila usingizi na chakula hakitoshi. Walifika hadi juu ya ukuta wakarudishwa. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea ni 272, Shaw mwenyewe akafa, akafukiwa shimo moja na askari wake. Sajenti William Carney aliiokota bendera baada ya mbebaji kuanguka, akarudi nayo akiwa na majeraha, na nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa aliipewa mwaka 1900, miaka 37 baadaye!

Sasa twende kwenye hela. Wakati wa kujiandikisha waliahidiwa dola 13 kwa mwezi kama askari mwingine yeyote. Serikali ikaja kusema sheria ya 1862 inawapa weusi dola 10, halafu inakatwa dola 3 ya nguo, zinabaki 7, na hata ukiwa sajenti ni hizohizo 7. Wakakataa. Massachusetts ikasema basi sisi tutaongezea kilichopungua, wakakataa tena, kwa sababu kwao shida haikuwa dola 6, shida ilikuwa kuhesabiwa askari nusu. Na huku nyumbani wake na watoto wanalala njaa, hilo tusilipite haraka. Koplo James Henry Gooding alimwandikia Lincoln mwenyewe Septemba 1863 akamuuliza wao ni askari au ni vibarua. Kudai nako kulikuwa hatari, maana sajenti William Walker wa kikosi kingine cha weusi kutoka South Carolina alipigwa risasi mwishoni mwa Februari 1864 kwa kuwaongoza wenzake kuweka bunduki chini kwa ajili ya mshahara huohuo.

Hawa wa 54 hawakuweka bunduki chini, waliendelea kupigana bure. Kule Olustee, Florida, Februari 1864, waliingia vitani wakipiga kelele za kuishangilia Massachusetts na dola 7 kwa mwezi, jeshi lao likashindwa, wakabaki nyuma kuzuia adui ili wenzao waondoke. Treni iliyobeba majeruhi ikaharibika njiani, wakafunga kamba wakaivuta kwa mikono mwendo wa maili kadhaa. Gooding alijeruhiwa vita hiyo, akakamatwa, akafia gereza la Andersonville Julai 1864.

Mwezi mmoja kabla hajafa, bunge lilikuwa limeshapitisha malipo sawa, lakini kwa mtego: malimbikizo ya tangu siku ya kujiandikisha yanalipwa kwa aliyekuwa mtu huru tarehe 19 Aprili 1861. Na ndani ya kikosi kulikuwa na waliotoroka utumwani, wafanyeje? Kanali Edward Hallowell, aliyeshika nafasi ya Shaw, akatunga kiapo chake, kwamba siku ile askari hakuwa anadaiwa na mtu yeyote kazi ya bure. Kila mmoja aliweza kuapa bila kusema uongo, hata aliyekuwa shambani kwa bwana siku hiyo, kwa sababu hakuna mtu anayedaiwa kazi ya utumwa. Mwisho wa Septemba 1864 wakalipwa, wote pamoja, dola 13 kwa kila mwezi waliotumikia.