Je, wajua kwa nini fundi makini huuliza saizi ya matairi kabla ya kugusa injini?

Mwenye 4x4 ya zamani akimpelekea fundi lalamiko kwamba gari halina nguvu, hutarajia boneti ifunguliwe papo hapo. Fundi anayeijua kazi yake huinama kwanza akasoma namba za ubavuni mwa tairi. Halafu hutazama keria ya juu, bampa la chuma na winchi iliyofungwa mbele, kisha huuliza: lilipotoka kiwandani lilikuwa na matairi gani?

Tuseme lilikuja na matairi yenye kipenyo cha sentimita 78, na sasa limevaa ya sentimita 86 kwa sababu yanapendeza na yanainua gari. Injini haijapoteza hata farasi mmoja, yaani kile kipimo cha nguvu ya injini. Lakini kila gurudumu linapozunguka mara moja, gari linakwenda mbali zaidi kwa asilimia 10 hivi, na katika gia ileile msukumo unaofika ardhini unapungua kwa karibu kiasi hichohicho. Ni kama mtu amekuibia nusu ya gia. Dereva anaingia mlimani na gia ya nne, gari linakufa mikononi, anarudi ya tatu, injini inapiga kelele, anahitimisha kwamba injini imechoka.

Uzito nao una hesabu yake. Gari la tani 2.5 likiongezewa kilo 250 za bampa, tangi la pili, hema la juu ya paa na masanduku ya vifaa, kazi ya kulipandisha kilima inaongezeka kwa asilimia 10. Ukijumlisha na matairi, tayari umekula karibu sehemu ya tano ya uwezo wa gari bila kugusa injini. Ndiyo maana mara nyingi dawa sahihi iko kwenye difu, yale meno ya katikati ya ekseli yanayopeleka mzunguko magurudumuni. Kutoka uwiano wa 4.11 (propela inazunguka mara 4.11 gurudumu likizunguka mara moja) kwenda 4.56 kunarudisha karibu asilimia 11, yaani kile kile ambacho matairi makubwa yalichukua. Ni kazi inayotaka mtu wa kupanga meno ya difu kwa uangalifu, tena difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, lazima zilingane. Lakini injini inabaki kama ilivyo, na joto lake linabaki pale pale. Hilo la joto tutalirudia, maana ndilo kiini cha mambo yote haya.

Kwanza, nguvu hiyo unaitaka wapi? Wengi hujibu: kwenye matope na mawe. Hebu tupige hesabu. Chukua injini ya Toyota ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita na isiyo na tarbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990. Ina farasi kama 130 tu, na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya karibu nyutoni-mita 280. Ukiweka gia ya kwanza pamoja na ile gia nzito ya L, giaboksi na difu kwa pamoja huzidisha toki hiyo kwa takriban mara 40. Inafika nyutoni-mita 11,000 na ushee kwenye ekseli. Kwa tairi yenye nusu kipenyo cha sentimita 40, huo ni msukumo wa kama tani 2.8, kabla ya kutoa kinachopotelea njiani. Gari lenyewe lina uzito usiofika huko. Kwa hiyo kwenye jiwe au tope, tairi litateleza muda mrefu kabla injini haijaishiwa. Huko unachohitaji ni mshiko: kupunguza upepo wa tairi, kufunga difu ili magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, na mguu wenye utulivu. Farasi zaidi watakusaidia kuchimba shimo haraka.

Mahali ambapo injini ndogo inaumia kweli ni barabara ndefu inayopanda, gari limejaa, una lori mbele unataka kulipita. Huko ndiko nguvu inapohitajika, na inahitajika kwa dakika nyingi mfululizo. Sasa turudi kwenye joto.

Injini hupata nguvu kwa kuchoma mafuta. Kwa makadirio, theluthi moja ya joto la mafuta huwa kazi, theluthi moja hutoka na moshi, na iliyobaki huchukuliwa na maji ya rejeta, oili na hewa inayopita. Kwa hiyo kila farasi unayemwongeza magurudumuni huja na mwenzake anayekwenda kwenye rejeta na mwingine anayepita kwenye vali za kutolea moshi. Rejeta ya gari la miaka thelathini, yenye mirija iliyojaa kutu na mapezi yaliyolala, ilikuwa tayari inahangaika na farasi wa zamani.

Kwenye dizeli ya zamani, njia ya mkato ni ile skrubu ya mafuta kwenye pampu. Ukiizungusha kidogo gari linaamka, nami sishangai kwamba watu huipenda. Tatizo ni kwamba injini isiyo na tarbo inavuta hewa kiasi kilekile. Mafuta yakizidi hewa, mengine hayaungui yote, ndiyo ule moshi mweusi, na joto la moshi linapanda kwa kasi. Pistoni ni ya aloi ya alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Gesi ndani ya silinda ni ya moto kuliko hapo mara kadhaa; pistoni inapona kwa sababu mlipuko ni wa muda mfupi sana na oili pamoja na kuta za silinda zinaipoza. Ukirefusha mwako kwa mafuta ya ziada, ukaushikilia dakika kumi mlimani, muda wa kupoa unakwisha. Huanza ufa mdogo kwenye uso wa pistoni au katikati ya vali kwenye silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, kisha maji yanaanza kupungua bila kuonekana yanavujia wapi.

Tarbo inatatua nusu ya shida hiyo kwa kuleta hewa zaidi. Na milimani ina faida nyingine: injini isiyo na tarbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo kwenye mita 2,000 umebakiwa na kama asilimia 80. Tarbo hurudisha sehemu kubwa ya hiyo. Lakini shinikizo nalo linapanda ndani ya silinda, na injini iliyochorwa bila tarbo haikutayarishwa kwa hilo. 1HZ ina uwiano wa mbano, yaani kiasi ambacho pistoni huibana hewa, unaozidi 22 kwa 1, na mafuta yake huwakia kwanza kwenye chumba kidogo cha pembeni kabla ya kufika kwenye pistoni. Toyota ilipotaka tarbo kwenye injini ya ukubwa uleule, haikuchukua 1HZ ikabandika tarbo. Ilitengeneza 1HD-T: mafuta yananyunyizwa moja kwa moja juu ya pistoni, mbano umeshushwa chini ya 19 kwa 1, na farasi wakapanda hadi karibu 165.

Land Rover walipita njia nyingine kwanza. Mwaka 1986 dizeli yao ya lita 2.5 iliyokuwa na farasi wasiofika 70 ilipewa tarbo ikafika 85. Walibadilisha vitu kadhaa ndani, lakini msingi ulikuwa uleule wa chumba cha pembeni, na injini hiyo ikapata sifa mbaya ya kupasua pistoni. Miaka michache baadaye ikaja 200Tdi, lita 2.5 zilezile, ila mafuta moja kwa moja silindani na intakula ya kupoza hewa inayotoka kwenye tarbo. Farasi wakazidi 100, na injini ikadumu. Kama waliochora injini wenyewe walihangaika na suala hili, mtu anayefunga tarbo ya mtumba siku ya Jumamosi ajue anacheza na nini.

Sisemi haiwezekani. Kuna 1HZ nyingi zenye tarbo zinazotembea vizuri, na zinazodumu zina tabia zinazofanana. Shinikizo la tarbo ni dogo, kama nusu ba, yaani karibu nusu ya shinikizo la hewa ya kawaida. Mafuta yameongezwa kwa kiasi. Na kuna geji ya joto la moshi, kihisi chake kikiwa kabla ya tarbo, ambapo madereva wengi hujiwekea kikomo cha karibu nyuzi 700 kwenye mlima mrefu. Ikikaribia hapo unapunguza mguu, hata kama lori bado liko mbele. Kwangu mimi, kufunga tarbo bila geji hiyo ni kamari.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, tafuta farasi waliopotea. Filta ya hewa iliyoziba, filta ya dizeli, nozeli zinazodondosha badala ya kunyunyiza, taimingi ya pampu iliyochelewa, klachi inayoteleza, breki inayoshika kidogo gurudumu moja: kila kimoja kinakula chake. Kisha jiulize kama injini inastahili kuongezewa. Ipashe moto, iache ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta, fungua kofia ya kujazia oili taratibu, uso wako ukiwa pembeni, uigeuze na kuiweka juu ya tundu bila kuifunga. Ikitikisika tu pale juu, ni kawaida. Ikirushwa, au moshi ukitoka kwa mapigo mfululizo, gesi inapita kwenye ringi zinazoziba pengo kati ya pistoni na silinda. Hapo pima mbano silinda moja moja. Injini yenye ringi zilizokwisha ukiiongezea shinikizo, shinikizo hilo linaishia kwenye oili.

Kwa petroli hadithi inabadilika kidogo. Kishawishi kikubwa ni kamshafti (shafti inayofungua vali) ya mashindano, na kwa gari la njia mbovu ni ununuzi mbaya: inahamishia nguvu juu, kwenye mizunguko 4,000 na kuendelea, ikipunguza ile ya chini unayoitumia kila siku. Mtu wa Jeep ana njia nzuri zaidi. Injini ya lita 4.0 ya silinda sita, iliyotengenezwa tangu 1987 hadi 2006, hupokea krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ya ndugu yake mkubwa wa lita 4.2. Mwendo wa pistoni unatoka milimita 86.7 kwenda 98.9, na ujazo unafika lita 4.5 au zaidi. Inataka karakana yenye mashine na pistoni zinazoendana nayo, lakini toki inaongezeka pale pale chini inapohitajika.

Snokeli, lile bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa, kwa kuwa lazima mtu aulize, ni ya kuvuta hewa isiyo na maji wala vumbi jingi. Nguvu haiongezi kwa kiasi utakachokihisi. Na ile filta ya koni iliyo wazi chini ya boneti inavuta hewa ya moto kutoka kwenye injini yenyewe. Kelele inaongezeka, ndiyo.

Mwisho kuna kubadilisha injini nzima. Ukiwa na injini iliyokwisha kabisa, hili mara nyingi ni busara kuliko kuijenga upya kisha kuiongezea, hasa ikiwa ni ya familia moja na giaboksi yako. Ukivuka familia, orodha hurefuka: adapta ya giaboksi, maungio ya injini, nyaya na kompyuta yake, rejeta, bomba la moshi, shafti ya propela ya urefu mwingine. Kinachofuata kuvunjika ni klachi, kisha giaboksi, kisha ekseli, na breki za kusimamisha gari la farasi 130 sasa zinasimamisha la farasi 250. Panga bajeti ya breki kabla ya bajeti ya injini, na uliza mamlaka ya usajili na kampuni ya bima mapema kama namba mpya ya injini itakubaliwa.