Iking'aa haimaanishi ni prestini

Jamani tuongee kidogo kuhusu antibodi ya prestini (prestini ni protini ya seli za kusikia za sikio la ndani, antibodi ni ya kuishika ili ing'ae kijani kwenye maikroskopu) maana nimechoka kutumiwa picha za kijani zimeandikwa "imekubali". Imekubali nini? Karibu kila anayeniletea slaidi za koklea, sehemu ya sikio la ndani inayosikia, anaamini safu tatu za seli nywele za nje ziking'aa basi hiyo ni prestini na kesi imekwisha. Hapana. Mwanga unakwambia antibodi imeshika kitu, haukwambii imeshika kitu gani. Na hapo ni rahisi sana kujidanganya, maana tangu maabara ya Peter Dallos kule Northwestern ilipoitambua prestini mwaka 2000 kila mtu anajua inakaa kwenye ukuta wa pembeni wa seli hizo, kwa hiyo ukiona kijani pale unaona kile ulichokuja nacho kichwani.

Nikiuliza kontroli (jaribio la kulinganishia) iko wapi naambiwa "niliweka sekondari peke yake, haikung'aa". Sawa, sekondari yako (antibodi ya pili, yenye rangi, inayoishika ya kwanza) ni safi, praimari, ile ya kushika prestini yenyewe, bado hujaipima. Mwingine anasema alichanganya antibodi na peptaidi yake (kile kipande cha protini ambacho imetengenezwa kukishika) mwanga ukapotea. Ndugu yangu, antibodi ukishaijaza peptaidi haishiki tena kitu, iwe prestini iwe protini nyingine yenye kipande kinachofanana, sasa mwanga ungebakije? Na prestini ina ndugu, pendrini, humohumo kwenye sikio la ndani.

Cha kukata mzizi wa fitina ni panya aliyezimwa jeni ya prestini, wapo tangu 2002. Uzuri wake seli zenyewe bado zipo, zimefupika tu, kinachokosekana ni protini. Chukua panya mdogo kabla seli hazijaanza kufa, weka antibodi ileile, dailusheni (kiwango cha kuizimua) ileile, seting'i za maikroskopu zilezile (usiniongezee eksposha upande mmoja halafu unaniita nije nione!), na seli za huyo panya zikiendelea kung'aa basi hiyo antibodi tupa. Huna panya? Omba kipande cha koklea kilichofiksiwa (kilichokwisha kuhifadhiwa kwa dawa) kwa wenye nao, kinasafiri vizuri tu, afadhali usumbufu huo kuliko kuandika tasnifu upya. Kwa TMC1, protini nyingine ya seli nywele, ilifika mahali watu wakatengeneza panya ambao protini hiyo imeunganishwa na nyingine inayong'aa yenyewe bila antibodi, unafikiri walikuwa wanapenda kazi ya ziada?

Halafu wapo wa "Westan ilitoa bendi safi kwa hiyo kwenye tishu itafanya kazi." Si lazima. Kwenye westan (kipimo cha kutenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli) protini imenyooshwa na SDS, aina ya sabuni, kwenye tishu imebanwa na fomaldehaidi na sehemu ya kushikwa inaweza kuwa imejificha. Kinyume chake pia kipo. Halafu prestini ni kama kilodaltoni 81 ila inapenda kukaa wawiliwawili, bendi ya juu usikimbilie kuiita uchafu.

"Mwanga hafifu, ongeza antibodi." Utaongeza kijani kila mahali, mpaka kwenye mfupa. Jaribu dailusheni kadhaa kwanza.

"EDTA inaua antijeni." Koklea iko ndani ya mfupa, lazima mfupa ulainishwe kwanza kwa kutoa kalsiamu, na hapo asidi kali ndizo za kuogopa kwa antijeni (kile antibodi inachokishika), EDTA ni mpole, ila ni ya polepole na watu hawana subira.

Na wale wa "hii si inatibu uziwi?" hapana, antibodi hii ni ya kuangalizia tu.