Seva kongwe, sar, na malalamiko ya saa nne

"Kaka, kila ikifika saa nne mfumo unakuwa mzito, hata risiti haitoki." Maneno ya mhasibu wa ofisi moja ninayoihudumia hapa Chake Chake. Seva yao inatumia CentOS 5, toleo la zamani la mfumo endeshi wa Linux, lililoacha kupata marekebisho tarehe 31 Machi 2017, lakini programu yao ya stoo na mishahara imegoma kuhamia kwengine. Basi tunaishi nayo. Na kabla ya kumwendea mkubwa wa ofisi kuomba pesa za diski mpya, lazima niwe na takwimu mkononi.

Chombo ninachokitegemea ni sar, amri inayoonyesha jinsi mashine ilivyofanya kazi saa kwa saa, inayokuja na kifurushi cha sysstat. Kila dakika 10 cron, kipangaji cha kazi za mashine, huiita programu ndogo ya sa1, nayo hupima hali ya mashine na kuiandika ndani ya /var/log/sa, faili moja kwa kila siku: sa01, sa02, na kuendelea. Kwenye matoleo ya zama hizo faili hukaa siku 7 tu kisha hufutwa, kwa hiyo jambo la mwanzo ni kufungua /etc/sysconfig/sysstat na kupandisha HISTORY, yaani idadi ya siku za kuhifadhi, mpaka 28. Hakikisha pia vipimo vya diski vinakusanywa. Baadhi ya matoleo ya zamani hayaviweki mpaka uombe.

Sasa tazama mstari mmoja wa sar -u, inayoonyesha matumizi ya prosesa kwa asilimia, wa namna ninayokutana nayo mara kwa mara:

10:10:01 all 6.12 0.00 3.40 48.75 0.00 41.73

Wengi hukimbilia namba ya mwisho, %idle (muda prosesa haina kazi), wakasema prosesa imeelemewa kwa sababu imebakiwa na asilimia 41 tu. Sivyo. Programu za watumiaji zimechukua 6.12, kernel, yaani kiini cha mfumo endeshi, 3.40. Ile 48.75 ni %iowait: prosesa imekaa bure huku kuna maombi ya diski ambayo hayajajibiwa. Ukinunua prosesa mpya hapa, itakaa bure kwa kasi zaidi. Inayofuata ni sar -d, kuangalia await ya kila diski, yaani ombi moja linasubiri milisekunde ngapi.

Lakini linalowaangusha wengi ni saa. Saa nne ya mhasibu ni 10:00 kwenye sar, ikiwa seva imewekwa saa za Afrika Mashariki. Ukitoa data ileile kwa sadf -d, amri inayoigeuza kuwa maandishi ya safu, kawaida yake ni kuandika UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na tukio linasomeka 07:00. Kijana asiye mzoefu anaichukua saa nne kuwa 4, anafungua 04:00, anakuta mashine imelala, anarudi kumwambia mhasibu kuwa hakuna tatizo! Kwenye ripoti zangu safu ya kwanza ni saa kama watu wanavyoitaja, ya pili ndiyo ya mashine.

Mstari wa Average (wastani) ulio chini ya ripoti ya sar siupeleki kwa mkubwa yeyote. Prosesa ikifanya kazi kwa asilimia 60 kwa saa 8 za ofisi, kisha ikalala saa 16, wastani wa siku unatoka asilimia 20, na mkubwa atakwambia mashine bado nzima. Mimi huikata ripoti kwa -s (saa ya kuanzia) na -e (saa ya kuishia), nikachukua saa za kazi peke yake. Ramadhani naitenga kabisa, maana pirika za ofisi husogea na kilele nacho husogea.

Kuna na umeme. Penye LINUX RESTART, alama ya kwamba mashine imewashwa upya, na pengo kabla yake, mara nyingi ni umeme uliokatika na UPS, betri ya akiba, ikaishiwa. Namba za mwanzo baada ya hapo siziingizi kwenye hesabu, kwa sababu mashine inayoamka husoma diski kwa fujo. Halafu ripoti ya maandishi ya siku nzima, inayotolewa na programu ya sa2, kwa kawaida hutoka saa 23:53. Umeme ukiwa haupo dakika hiyo, siku hiyo huna ripoti, japo faili la data lipo.

Data itoe kwenye seva ileile kwa sadf -d, uondoke na maandishi. sar mpya ya kwenye laptopu yako huenda ikalikataa faili la zamani, kwa kuwa muundo umebadilika. Safu hutenganishwa kwa nukta mkato, hivyo Excel iambie mapema.