Unasubiri majibu ya kinyama cha tezi dume na tayari una saratani nyingine? Maabara iambiwe mapema

Malalamiko yanayoletwa kwenye dirisha la majibu la idara yetu ya patholojia yameongezeka, na yanafanana sana. Mgonjwa alishagunduliwa saratani ya utumbo mpana, ya kibofu cha mkojo au ya damu. Yuko kwenye matibabu, au alimaliza zamani. PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ikapanda, akachukuliwa kinyama cha tezi dume, yaani vipande vidogo vya tishu vya kuchunguzwa. Mwenzake waliyechomwa sindano siku moja ameshapata majibu, yeye anaambiwa asubiri. Anaondoka akiwa ameshajihukumu: wameona jambo baya, sasa wanatafuta namna ya kuniambia.

Sivyo. Maabara haina kazi ya kutafuta namna ya kumwambia mtu. Kwa mgonjwa asiye na historia ya saratani tunaulizwa maswali mawili: saratani ipo au haipo, na kama ipo ni ya daraja gani. Kwa aliyekwisha kuwa na saratani kuna swali la tatu, nalo ndilo linalokula siku: hii tunayoiona ni ya tezi dume yenyewe, au ni ile ya kwanza? Matibabu ya hizo mbili hayafanani hata kidogo, kwa hiyo hatukisii.

Nieleze safari ya sampuli, maana wengi hudhani kinyama kikifika mezani kwetu hutazamwa papo hapo.

Daktari huchukua vipande 10 hadi 12 hivi, kwa kupitia njia ya haja kubwa au msamba, na mara nyingi huongeza vichache kutoka sehemu iliyotiliwa shaka kwenye picha za MRI. Kila kipande ni chembamba kama uzi, chenye urefu wa sentimita moja hadi mbili. Kinatumbukizwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, palepale, ndani ya chupa iliyoandikwa jina la mgonjwa, namba yake ya faili na sehemu ya tezi kilikotoka. Tunataka vitambulisho viwili, si kimoja. Chupa yenye jina peke yake, au yenye jina lisilolingana na fomu, haiingii kwenye mashine. Inaandikwa kwenye daftari la sampuli zilizozuiwa, aliyeileta anatia saini, kliniki inapigiwa simu, na aliyechukua sampuli anakuja mwenyewe kuthibitisha kwa maandishi. Asipokuja, sampuli inakaa. Najua inaudhi. Lakini mkojo unaweza kutolewa mwingine saa hiyohiyo, kinyama cha tezi dume hakirudiwi kirahisi hivyo, na majina yakichanganyika mtu mmoja ataondolewa tezi isiyo na ugonjwa huku mwingine akiambiwa ni mzima.

Formalini inahitaji saa kadhaa kuimarisha tishu, na hakuna mkubwa yeyote anayeweza kuiamrisha iharakishe. Kisha sampuli inalala kwenye mashine usiku kucha ikipitishwa kwenye alkoholi, halafu zailini, halafu nta ya parafini iliyoyeyushwa. Asubuhi inatengenezwa bloku, yaani kipande cha nta chenye sampuli ndani, inakatwa tabaka zenye unene wa maikromita 3 hadi 5, inapandishwa kwenye slaidi na kupakwa rangi za hematoksilini na eosini. Viini vya seli huonekana vya zambarau, sehemu nyingine huwa za waridi. Hapo ndipo hadubini inaanza kazi.

Mpaka hapo sampuli zote zimesafiri pamoja. Zinaachana seli zinapotia shaka, au fomu inapotaja saratani nyingine. Tunakata tabaka mpya na kufanya vipimo vya kingamwili: kila kingamwili hung'ang'ania protini moja mahususi na kuipa rangi. NKX3.1 na PSA huonyesha seli zenye asili ya tezi dume. GATA3 hutusaidia kwenye saratani ya kibofu, CDX2 na SATB2 kwenye ya utumbo mpana, CD20 na CD3 kwenye limfoma, saratani ya matezi. Kila mzunguko wa vipimo hivi unaweza kuongeza siku moja au zaidi, una slaidi zake za kulinganishia, na slaidi hizo zisipotoka sawasawa mzunguko mzima unarudiwa. Mara nyingine jibu la kwanza linazaa haja ya kipimo cha pili. Hiyo ndiyo maana ya "bado inafanyiwa kazi" unayoambiwa dirishani. Haisemi habari ni mbaya wala njema.

Na kusema kweli, mara nyingi siku nyingi zaidi hupotea nje ya mashine, tukitafuta slaidi za saratani ya kwanza zilizoko kwenye maabara nyingine ili tuziweke pamoja na mpya chini ya hadubini. Mgonjwa anayekuja na nakala ya ripoti yake ya zamani ametuokolea sehemu kubwa ya muda huo.

Fomu ndiyo macho yetu

Hapa ndipo ninapoomba tusikilizane. Fomu nyingi zinatufikia zikiwa na maneno "PSA juu, kinyama cha tezi dume", basi. Nikimuuliza mgonjwa kwa nini saratani yake ya utumbo haikutajwa, najibiwa, "Daktari anajua." Daktari yupi? Aliyekuchukua kinyama ni wa njia ya mkojo. Aliyekutibu saratani ya kwanza ni mwingine, pengine katika hospitali nyingine kabisa. Mimi ninayesoma slaidi sijawahi kukuona. Nina karatasi tu.

Yako mambo ambayo yasipoandikwa yanaweza kutupotosha. Aliyetibiwa saratani ya kibofu kwa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, inayowekwa ndani ya kibofu anaweza kupata uvimbe-uchungu wa aina ya vinundu kwenye tezi dume. PSA hupanda, daktari akigusa kwa kidole anakuta ugumu, MRI inaonyesha doa la kutisha, na kinyama kinaonyesha kuwa si saratani. Aliyepigwa mionzi ya nyonga, kwa saratani ya puru kwa mfano, tezi yake nzima hubadilika sura hadi seli zisizo na ugonjwa zikafanana na za saratani. Aliye na lukemia sugu ya limfositi, aina ya saratani ya damu, anaweza kuwa na seli hizo ndani ya tezi dume bila yeye wala daktari wake kujua. Aliyetumia dawa za homoni, hata seli za saratani yenyewe husinyaa, na alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani ya tezi dume, haiwezi tena kutolewa kwa uaminifu. Dawa za kupunguza tezi dume, finasteride na dutasteride, nazo ziandikwe, kwa kuwa baada ya miezi kadhaa hushusha PSA kwa takribani nusu, na namba inayoonekana ndogo kwenye karatasi inakuwa si ndogo.

Kama kinyama kimeshachukuliwa na unahisi fomu haikusema yote, hujachelewa. Rudi kliniki, omba barua ya taarifa za ziada yenye namba ya sampuli, ikatiwe saini na daktari. Usituletee maelezo kwa mdomo dirishani. Karani haruhusiwi kuyaingiza kwenye faili, na akiyaingiza atajieleza kwa mkuu wa idara.

Yanayosemwa

"Saratani yangu imehamia kwenye tezi dume." Hili nalisikia karibu kila wiki, na mara nyingi aliyelisema ni mtu wa nyumbani mwenye nia njema. Saratani ya mahali pengine kusambaa hadi tezi dume ni jambo nadra. Ikitokea, mara nyingi ni ya jirani, kibofu au puru, iliyopenya moja kwa moja, au ni ya damu au ya matezi. Kinachoonekana zaidi ni saratani ya pili inayojitegemea, kwa sababu tezi dume hupata saratani yake kwa urahisi kadiri umri unavyosogea. Na saratani mbili si hatua ya nne, ile ya saratani iliyosambaa mbali! Kila moja hupimwa hatua yake peke yake. Mtu anaweza kuwa na ya utumbo iliyotibiwa ikaisha na ya tezi dume iliyo changa kabisa.

Ni kweli kwamba baadhi ya familia hurithi hitilafu ya vinasaba, kama ile ya BRCA2 au sindromu ya Lynch, inayoongeza hatari ya saratani za aina zaidi ya moja. Mwambie daktari nani kwenu aliugua nini na akiwa na umri gani. Hilo linawahusu wanao pia, mabinti kwa wavulana.

"Sindano imeichokoza, sasa itasambaa." Nimelijibu hili mara nyingi hadi nimechoka kulijibu. Kwa tezi dume, seli kusambazwa na njia ya sindano ni jambo nadra mno, na bila kinyama matibabu mengi hayawezi kupangwa.

"Nimepima PSA tena baada ya kinyama, imepanda sana." Bila shaka imepanda, tezi imetobolewa mara kumi na zaidi. Ipe angalau wiki sita.

Damu kidogo kwenye mkojo kwa siku kadhaa, au kwenye manii kwa wiki kadhaa, hutarajiwa. Homa haitarajiwi. Joto la nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, au kushindwa kukojoa, ni la kukimbilia idara ya dharura saa hiyohiyo, si la kungojea siku ya kliniki. Kwa anayetumia dawa za kemo nasema kwa ukali zaidi: chembe nyeupe za damu mara nyingi hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na maambukizi ya njia ya mkojo katika siku hizo yanaweza kuua kwa muda mfupi. Ukifika, sema maneno mawili kabla ya yote: nipo kwenye kemo, nimechukuliwa kinyama cha tezi dume. Usimeze vidonge vya kushusha homa ukaenda kulala. Na dawa ya kuzuia damu kuganda uliyosimamishiwa kwa ajili ya sindano, irudie siku uliyopangiwa, usiongeze wala kupunguza siku kwa hisia zako.

Wapo pia wanaosimamisha wenyewe matibabu ya saratani ya kwanza "mpaka hii nayo ijulikane". Tafadhali, usifanye hivyo. Saratani nyingi za tezi dume huenda polepole, na wiki chache za kusubiri majibu kwa kawaida hazibadilishi lolote. Ya kwanza huenda haina subira hiyo. Majibu yakitoka, madaktari wa pande zote hukaa kikao kimoja kuamua ipi itangulie. Wakiamua ya tezi dume ifuatiliwe tu kwa PSA na picha huku ya kwanza ikitibiwa, hujatelekezwa. Huo ni uamuzi wa kitabibu kama ulivyo upasuaji.

Karatasi ikitoka

Gleason 6 si "sita kati ya kumi". Namba zinazotolewa siku hizi kwa kinyama huanzia 6, yaani 3+3, na huishia 10, kwa hiyo 6 ndiyo ya chini kabisa, daraja la 1 kati ya 5. Nayo 7 ziko mbili: 3+4 ni daraja la 2, 4+3 ni daraja la 3. Ukisimulia kwamba una "saba" hujamwambia daktari chochote. Jibu likiwa "hakuna saratani iliyoonekana", maana yake ni kwenye vipande tulivyopewa, na PSA itaendelea kufuatiliwa. Na likiwa "vitezi vichache vyenye shaka", huenda ukahitaji kuchukuliwa kinyama tena. Hatujashindwa kazi, seli zilikuwa chache mno kuzitolea hukumu.

Majibu hayasomwi kwenye simu, hata kwa mwana wa kwanza, hata kwa anayetaja namba ya sampuli bila kukosea. Mtumishi anayeyatoa kwa asiyehusika amevunja siri ya mgonjwa na anafikishwa kwenye kamati ya nidhamu. Anayechukua kwa niaba ya mgonjwa alete ridhaa ya maandishi na kitambulisho chake, na ya mgonjwa pia. Ripoti iliyoandikwa "ya awali" inaweza kubadilika baada ya vipimo vya kingamwili, kwa hiyo usiipige picha ukaisambaza kwa ndugu kuwa ndilo neno la mwisho. Ikibadilishwa, ripoti mpya hutaja tarehe na sababu, na ile ya zamani hubaki kwenye kumbukumbu.

Ukitaka maoni ya mtaalamu wa pili, ni haki yako na hatununi. Daktari wako anaandika barua, tunatoa slaidi kwa mkopo dhidi ya saini, pamoja na nakala ya ripoti. Bloku hatupendi kuitoa, kwa kuwa ni moja tu na ndiyo itakayokatwa tena kama vipimo vya vinasaba vitahitajika. Ikibidi, inasafirishwa kati ya maabara na maabara. Na kama umekabidhiwa wewe uipeleke, usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani: ni nta, inalainika.