Steringi wa Ben-Hur alivyomalizia kama bosi wa maadui

Kila nikifundisha uigizaji wa kamera lazima mtu aulize mastaa wa sinema bubu waliishia wapi, na jibu la mtandaoni ni lilelile, eti sauti ilipoingia wote wakafulia. Haya mchukue Ramon Novarro, Mmeksiko wa Durango, kazaliwa 1899, familia ikakimbia mapinduzi ikaishia Los Angeles, na 1925 ndo yeye steringi wa Ben-Hur. Sauti haikumuua hata kidogo, jamaa alikuwa mwimbaji! 1929 kaimba kwenye The Pagan, 1931 yuko na Greta Garbo kwenye Mata Hari na humo watu wanaongea. MGM, studio iliyokuwa imemwajiri, waliachana nae 1935.

Filamu yake ya mwisho ni Heller in Pink Tights ya 1960, sinema ya kaboi ya kuchekesha ya George Cukor, na ndo kaboi pekee Cukor aliyowahi kuongoza. Kundi la maigizo linakimbia madeni linaingia mji wa Cheyenne, Anthony Quinn ndo bosi wao, Sophia Loren na wigi lake la blondi anacheza kamari pesa zinamwishia anajiweka mwenyewe dau, anashindwa (hapo huwa nacheka kila mara). Novarro ni De Leon, tajiri aliyekodi muuaji halafu hataki kumlipa.

Sehemu ni ndogo, ila hilo deni ndo linasukuma stori nzima. Waliokulia kibanda umiza wanajua, bosi wa maadui hapigi ngumi, anakaa anatuma watu. Na kukaa tu ukaonekana ni kazi ngumu kuliko kupigana. Aliyejifunza kwenye sinema bubu hakuwa na maneno ya kumbeba, jicho na mkono vilibidi vimalize sentensi, kwa hiyo ukija kumpa maneno hana haja ya kupaza sauti.

Halafu cheki Cukor alivyopanga watu. Edmund Lowe, staa mwingine wa zamani na kwake pia hii ndo filamu ya mwisho, kawekwa ndani ya kundi la waigizaji waliochoka. Margaret O'Brien, yule mtoto staa wa miaka ya 40, nae yumo humohumo kundini. Novarro peke yake kawekwa upande wa pili, kwa wenye hela.

Mimi darasani huwa nazima sauti kabisa, tunaangalia Quinn kwanza, halafu De Leon.