Mzio wa nyuki si mzio wa asali

Mtu akivimba vibaya baada ya kuumwa na nyuki, hakosi wa kumwambia aache na asali. Ushauri huo umeenea sana, na kwa walio wengi hauna msingi.

Sumu ya nyuki hutengenezwa kwenye tezi iliyoungana na mwiba, mwisho kabisa wa tumbo. Ndani yake kuna protini kama fosfolipasi A2, mojawapo ya zile zinazoamsha vikali kinga ya mwili ya mwenye mzio. Asali haipiti huko. Nyuki hubeba mbochi wa maua kwenye kifuko chake maalumu, huuchanganya na vimeng'enya kutoka tezi za kichwani, kisha maji hupunguzwa mzingani hadi inakuwa nzito.

Mzio wa asali yenyewe upo, ila ni nadra. Mara nyingi chanzo ni chavua iliyobaki ndani, hasa ya mimea ya jamii ya alizeti. Mara nyingine ni protini za zile tezi za kichwani. Ndiyo maana mtu anaweza kudhurika na asali ya eneo moja, ya kwingine asidhurike. Wapo wachache wenye mizio yote miwili, kwa hiyo aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kulamba asali asijijaribu nyumbani. Aende kwa daktari.

Katazo la asali kwa mtoto wa chini ya mwaka 1 ni habari nyingine kabisa: hapo tunaogopa bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli, si mzio.