Je, wajua meli ya kitalii inayozunguka dunia hupata wapi maji ya kunywa?

Mkazi wa Dodoma hahitaji kufika pwani ili ajue maji ya chumvi. Visima vingi vya mkoa huu hutoa maji ambayo sabuni haitoi povu ndani yake, birika hushika ukoko mweupe, na chai huwa na ladha yake ya pekee. Kwa hiyo swali la meli za kitalii linamhusu. Kila Januari meli kubwa za anasa huanza safari za miezi mitatu, minne, nyingine zaidi, zikigusa bandari za Ulaya, Amerika, Australia, Asia na Afrika, Zanzibar ikiwa mojawapo ya vituo vya baadhi yao. Ndani yake kuna maelfu ya watu wanaooga kila siku, dobi isiyolala na majiko yanayopika usiku na mchana. Nje kuna maji yenye chumvi gramu 35 hivi katika kila lita, ambayo figo za binadamu haziwezi kuyamudu: ukiyanywa, mwili hutumia maji mengi kuitoa ile chumvi kuliko uliyoyapata.

Jibu fupi ni kwamba maji hayo hutengenezwa humo humo melini, kutoka baharini. Jibu refu lina jambo ambalo wengi hawalitegemei: meli huwa na maji mengi zaidi ikiwa katikati ya bahari, mbali na kila nchi, na huanza kuyahesabu inapokaribia mji.

Kwa nini isibebe tu?

Tuchukue Queen Mary 2, iliyoanza kazi mwaka 2004 na ambayo hufanya safari ya dunia karibu kila mwaka. Hubeba abiria wapatao 2,700 na wafanyakazi zaidi ya 1,200. Kwa wastani hutumia lita 1,100,000 za maji kwa siku, yaani kama lita 280 kwa kila mtu, sawa na madumu 14 ya lita 20. Ukitaka kuyapeleka kwa maboza ya lita 10,000, utahitaji maboza 110 kila siku.

Lita moja ina uzito wa kilo moja. Safari ya siku 100 ingehitaji tani 110,000 za maji, ilhali meli yenyewe, na vyote vilivyomo, ina uzito usiofikia tani 80,000. Matangi yake huchukua lita milioni 3.8 hivi, akiba ya siku tatu na nusu. Meli nyingine zina akiba kubwa au ndogo kuliko hiyo, lakini hakuna inayoweza kutegemea matangi peke yake.

Kuchemsha bila kufika nyuzi 100

Njia ya kwanza ni kuchemsha maji ya bahari, kukamata mvuke na kuupoza. Chumvi haigeuki mvuke, hubaki chini. Ugumu uko kwenye gharama ya moto: kuchemsha lita milioni kila siku kwa mafuta kungemfilisi mwenye meli. Hapo wahandisi hutumia jambo ambalo mpishi yeyote wa Dodoma analo jikoni bila kulifikiria. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kileleni Kilimanjaro huchemka kwenye nyuzi 80 hivi. Presha ikishuka, joto la kuchemkia hushuka nayo.

Kwa hiyo mtambo wa melini hufungwa usiingize hewa, kisha hewa iliyomo hunyonywa mpaka presha ibaki kati ya sehemu moja ya kumi na moja ya tano ya ile ya kawaida. Humo maji ya bahari huchemka kwenye nyuzi 40 na kitu hadi 60. Joto la kiasi hicho meli inalo bure. Maji yanayopoza injini hutoka yakiwa na nyuzi 80 hadi 90, na kama si mtambo huu joto hilo lingemwagwa baharini. Hupitishwa upande mmoja wa mabamba membamba ya titani, na maji ya bahari upande wa pili. Mvuke hupanda, hupita kwenye wavu unaonasa matone yenye chumvi, hugonga mabamba yaliyopozwa na bahari na kugeuka maji. Meli kubwa huunganisha vyumba kadhaa mfululizo, kila kimoja kikiwa na presha ndogo kuliko kilichotangulia, ili mvuke wa chumba cha kwanza uchemshe maji ya chumba cha pili. Queen Mary 2 ina mitambo mitatu ya namna hii, kila mmoja ukiweza kutoa lita 630,000 kwa siku, na maji yake huwa na chumvi chini ya miligramu 5 kwa lita.

Mambo yanayoharibika hapa yanajulikana vizuri. Hewa ikipenya hata kwenye gasketi moja iliyochakaa, presha hupanda, maji huchemkia joto la juu zaidi, na chokaa huanza kuganda kwenye mabamba kama kwenye lile birika. Ukoko huzuia joto, uzalishaji hushuka, na fundi asiyejua chanzo hushawishika kuongeza joto, jambo linalozidisha ukoko. Dawa ni kuziba pale hewa inapopenya, kuongeza maji ya bahari yanayoingia ili chumvi isirundikane, kisha kuosha mabamba kwa asidi nyepesi. Uchemkaji ukiwa mkali mno, matone hupita kwenye wavu na chumvi huonekana upande wa maji matamu. Ndiyo maana kipimo cha chumvi hukaa palepale kwenye bomba la kutokea. Kikisoma juu ya kiwango kilichowekwa, mara nyingi miligramu 10 kwa lita, vali hujigeuza yenyewe na maji hayo hurudishwa kabla ya kufika tangini.

Kusukuma kupitia utando

Njia ya pili ni osmosisi ya kinyume, ambayo sasa iko karibu kila meli mpya. Maji ya bahari husukumwa kwa nguvu kwenye utando unaoruhusu maji kupita na kuzuia chumvi. Presha yake ni mara 55 hadi 70 ya presha ya hewa, takriban mara 30 ya upepo unaojazwa kwenye tairi la gari dogo. Katika kila lita 100 zinazoingia, 40 hivi hutoka zikiwa matamu, na 60 hurudi baharini zikiwa na chumvi gramu 58 kwa lita. Njia hii haihitaji joto la injini, kwa hiyo hufaa meli inapokwenda polepole na ile mitambo ya kuchemsha ikapungukiwa na joto.

Utando, hata hivyo, ni kitu cha kulelewa. Klorini huula, mafuta huuziba moja kwa moja, na tope na vijidudu vya baharini huupunguzia nguvu siku hadi siku. Kwa hiyo kabla ya utando kuna chujio la mchanga, halafu filta za maikroni 5 (sehemu tano za elfu za milimita), halafu dawa ya kuzuia ukoko. Safari ya mabara mengi huusumbua zaidi, kwa sababu bahari hazifanani. Bahari ya Shamu ina chumvi gramu 40 hivi kwa lita, na pampu hulazimika kusukuma zaidi. Karibu na Antaktika maji ni baridi, na maji yanayopita kwenye utando hupungua kwa takriban asilimia 3 kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Kwenye maji ya joto kama ya Zanzibar hupitisha mengi, lakini na chumvi kidogo hupenya pamoja nayo. Mhandisi wa zamu hubadilisha presha kadiri meli inavyosonga, na msomaji wa ratiba ya safari asiyejua mambo haya huona majina ya bandari tu.

Karibu na nchi kavu mitambo huzimwa

Kanuni inayofuatwa sana ni kutotengeneza maji ya kunywa ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani, wala bandarini, wala meli ikiwa imetia nanga. Sababu ni uchafu: mafuta ya meli nyingine, majitaka ya miji, tope la mito. Mtambo unaochemsha kwa nyuzi 50 hauui kila kijidudu, na dizeli ina viambato vinavyogeuka mvuke pamoja na maji. Kadhalika katika mfereji wa Panama, ambao kuuvuka huchukua saa 8 hadi 10, na kule Suez, meli huishi kwa akiba.

Ratiba yenye bandari sita ndani ya siku nane hupendwa na abiria, ilhali kwa chumba cha injini ndiyo wiki ngumu kuliko zote: meli inasimama mchana kutwa, usiku inakwenda polepole, na matangi yanashuka. Kuvuka Pasifiki kwa siku saba bila kuona kisiwa ndiko hujaza matangi mpaka juu.

Akiba ikipungua, meli hununua maji bandarini, na kazi hiyo ina utaratibu wake. Kwanza hutakiwa hati ya vipimo vya maji ya bandari hiyo. Bomba la gatini hufunguliwa na kuachwa litiririke, kisha hupimwa klorini na asidi. Mipira ya maji ya kunywa huandikwa wazi, haitumiki kwa kazi nyingine, hutunzwa bila kugusa sakafu na huzibwa ncha zote mbili. Maji yanapoingia hutiwa klorini mpaka ifike angalau miligramu 2 kwa lita, na hupimwa tena baada ya nusu saa. Kosa la kawaida ni mpira kuburuzwa gatini ukiwa haujazibwa: uchafu wa ncha moja unaweza kuingia kwenye tangi zima.

Maji masafi mno nayo ni tatizo

Maji yaliyotoka kwenye mvuke hayana madini, na maji ya namna hiyo hula mabomba. Kwa hiyo hupitishwa kwenye mawe ya chokaa ili yapate kalsiamu na asidi yake ipungue, kisha hutiwa klorini. Kiwango kinachofuatwa na meli zinazofika Marekani ni miligramu 0.2 hadi 5 kwa lita kwenye kila bomba, hata lile la mwisho kabisa nyuma ya meli. Sehemu ya hatari ni mabomba ambayo maji hayatembei. Chumba kisicho na abiria kwa wiki mbili huwa na maji ya uvuguvugu yaliyolala kwenye bomba la kuogea, na bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hupenda hali hiyo. Wafanyakazi hufungua mabomba hayo kwa zamu, maji ya moto hutunzwa kwenye nyuzi 60, na vichwa vya bafu hufunguliwa na kuoshwa.

Matumizi nayo hubanwa pale abiria asipoona. Choo cha kunyonya kwa hewa hutumia lita 1.2 hivi, wakati cha nyumbani hutumia 6 hadi 9. Matone yanayotoka kwenye viyoyozi hukusanywa na kupelekwa dobi. Mabwawa mengi ya kuogelea hujazwa maji ya bahari.

Mtambo huohuo ukiletwa Dodoma

Mji wa Dodoma hutegemea zaidi visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, lakini vijiji na viwanja vingi vina kisima chao tu, na baadhi hutoa chumvi au floraidi nyingi. Mitambo ya utando hufaa sana hapa. Kisima kinachoitwa cha chumvi mara nyingi huwa na gramu chache tu kwa lita, hivyo presha ya mara 10 hadi 20 ya hewa hutosha, umeme unaohitajika ni mdogo, na lita 75 kati ya 100 zinaweza kutoka zikiwa matamu. Floraidi nayo hupungua kwa sehemu kubwa.

Shida iko kwenye zile 25 zinazobaki. Meli huzirudisha baharini. Hapa hakuna bahari, na maji ya gramu 3 kwa lita yakipunguzwa hivyo huacha mabaki ya gramu 12. Ukiyamwaga korongoni, mvua za Desemba hadi Aprili zitayashusha ardhini, na baada ya miaka kadhaa kisima kitakuwa kinavuta chumvi yake mwenyewe. Mtambo wa lita 30,000 za maji matamu kwa siku huacha lita 10,000 za mabaki, mita za ujazo 3,650 kwa mwaka. Tukikadiria kwamba jua litakausha kina cha mita moja kwa mwaka baada ya kupunguza maji ya mvua yanayoingia, panahitajika bwawa la kina kifupi, lililotandikwa plastiki nzito isiyovuja, lenye ukubwa wa karibu ekari nzima. Anayepanga kununua mtambo wa kisima cha kijiji aulize bei ya bwawa hilo siku ileile anayouliza bei ya pampu, na aonyeshwe kiwanja litakapokaa kabla hajatoa fedha.